Pumu ya ngozi na baridi ya Mbeya: tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Niko Uyole, na tangu Juni ianze silali. Ni pumu ya ngozi, ninayo toka utotoni: viwiko kwa ndani, nyuma ya magoti, shingoni. Usiku nikishapata joto la blanketi ndipo inachachamaa. Asubuhi shuka lina vidoa vya damu. Nimeambiwa fangasi, aleji, damu chafu, na bibi anasema nimerogwa. Duka la dawa walinipa tyubu, siku tatu ngozi ikalainika kama ya mtoto. Nilipoacha ikarudi kwa hasira. Nikanunua nyingine, na nyingine. Sasa ndani ya kiwiko ngozi imekuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Mlifanyaje wenzangu?

Wa Mwanjelwa: Pole mkuu. Geuza boksi lake usome. Ukikuta klobetasoli au betamethasoni, halafu dawa ya fangasi na ya bakteria humo humo, hiyo ni steroidi kali (dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe). Hata fangasi inaifunika tu huku inaenea. Mimi iliniachia michirizi mapajani, ipo mpaka leo. Nenda ukaonwe.

Mama wa watoto wawili, Mafinga: Kamwene. Wa kwangu mdogo nilikuwa namvalisha soksi mikononi asijichune. Zahanati ni piritoni kila tukienda, mtoto anasinzia darasani. Tulipopata rufaa, daktari (alisomea ngozi KCMC, Moshi) hakuanza na dawa, aliuliza: "Anaoga maji gani?" Ya moto, yanatoa mvuke, si mnajua Mafinga asubuhi! Akanikataza. Maji ya uvuguvugu, dakika chache, sabuni isiyo na manukato, taulo la kugusagusa bila kusugua, kisha mafuta ya mgando hapo hapo mwili ukiwa na unyevu. Haidrokotisoni ya asilimia 1 (steroidi hafifu) ni pale palipochachamaa tu. Ya kujaa ncha ya kidole cha mtu mzima inatosha eneo la viganja viwili. Sweta la sufu juu ya fulana ya pamba. Siku hizi tyubu moja inatukaa miezi.

Wa Makambako: Mkiwashwa nyumba nzima usiku, hasa katikati ya vidole, chunguzeni upele ule wa kuambukizana (skabi). Sisi tulihangaika na mafuta miezi minne, kumbe ni wa kutibiwa wote siku moja na kufua mashuka.

Wa Uyole: Nimegeuza boksi. Zote tatu zimo! Mama, ndaga fijo (asante sana). Jumatatu naenda, na boksi nabeba.