Begi la juu ya tangi na chaji ya simu ya ramani, nianzie wapi?

pistoni_moja:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijatupa hela. Nina safari ya pikipiki ya siku tano hivi, kutwa nzima niko barabarani na njia sizijui, kwahiyo ramani ya kwenye simu lazima iwe inawaka muda wote. Shida ni kwamba simu yangu kioo kikikaa wazi na GPS imewashwa haimalizi masaa matatu, inapata moto kama pasi halafu inazima. Sasa nimeona haya mabegi ya kukaa juu ya tangi yana mfuko wa plastiki ya kuonea kwa juu, nikawaza basi simu naitia humo, pawabenki inakaa ndani ya begi, waya unapita kwenye katundu, kazi imeisha. Ila kuna ya sumaku, kuna ya mikanda, kuna ya kufunga kwenye ringi ya mfuniko wa mafuta, na ukubwa unaanzia lita 5 unaenda mpaka 20 na kitu. Nyie mnatumia lipi? Na umeme mnachukua kwenye betri ya pikipiki au pawabenki inatosha? Mimi na nyaya ni mbingu na ardhi, msinitajie mambo ya kufungua pikipiki nzima.

dada_gia:
Njema kaka. Kabla hujauliza lipi zuri, chukua sumaku yoyote ya nyumbani, hata ile ya kubandika karatasi kwenye friji, ipitishe juu ya tangi lako kulia, kushoto na katikati. Ikidondoka begi la sumaku lisahau. Pikipiki nyingi siku hizi unachokiona ni koti la plastiki tu, tangi lenyewe liko chini yake, na kuna nyingine tangi ni la alumini, sumaku haina habari nayo.

Na hata ikishika usifurahi sana. Sumaku inaokota vumbi la chuma na mchanga mweusi, ukiliweka begi chini kila unaposimama kupumzika kama nilivokuwa nafanya mimi, ukilirudisha juu ya tangi na mtikisiko wa injini unakuwa umepiga rangi msasa. Langu lina miduara miwili iliyofubaa, moja kila upande, haitoki kwa nta wala dua. Mtu asije akakutisha kwamba sumaku inaharibu GPS, GPS inapokea mawimbi ya satelaiti haijali sumaku. Kinachochanganyikiwa ni dira ya simu, ukisimama mshale unaelekea kusikojulikana, ukianza kutembea unajirekebisha.

Mimi sasa natumia la ringi. Kuna kipande kinafungwa na skrubu zilezile za mfuniko wa mafuta, begi linabana hapo kwa kubonyeza, halilali juu ya rangi, na kujaza mafuta unavuta mara moja limetoka. Kampuni ya Givi wanaita Tanklock, kampuni ya SW-Motech nao wana ya kwao. Ringi inanunuliwa kwa modeli ya pikipiki maana skrubu za mifuniko hazifanani idadi wala nafasi.

Ukubwa usiwe na tamaa. Lijaze begi nguo mpaka livimbe, lifunge, kaa, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Langu la kwanza lilikuwa kubwa, nikigeuza likawa linasukuma switchi ya kuzima injini, na mimi sijui, nikageuza kwenye sehemu finyu injini ikazima, nikalala chini na pikipiki yangu mbele za watu taratiiibu kama mtu anayelala kwa hiari.

Halafu hilo wazo la simu kwenye mfuko wa plastiki, hapana. Jua linapiga, hewa haipiti, chaji nayo inaongeza joto, simu itapunguza mwanga kwanza, itakataa chaji, mwisho itazima, yaani tatizo lako lilelile ila ndani ya plastiki. Na kuisoma inabidi uinamishe kidevu kifuani. Kwenye 80 kwa saa sekunde moja tu umeshakwenda mita 22 hujaangalia mbele. Simu ikae kwenye usukani inapopigwa upepo, begi libebe umeme. Ule mfuko weka karatasi yenye majina ya sehemu za kukatia kona kwa maandishi makubwa, hiyo haiishi chaji.

fyuzi_ampea5:
Dada kamaliza upande wa begi, mimi niseme umeme. Mkuu usiogope, nyaya zenyewe ni mbili. Nunua ule waya mfupi wenye plagi ya pini mbili upande mmoja na vipete viwili vya kubana kwenye vichwa vya betri upande wa pili, uwe na fyuzi tayari. Plagi itokeze pembeni ya kiti, hapo ndo unachomeka kifaa cha kushusha volti 12 kuja 5 za USB. Unafungua pale betri ilipo tu basi.

Vitu vitatu watu wanakosea. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya, kwasababu fyuzi inalinda waya usiungue, na kipande chochote kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Pili ukifungua betri anza na hasi, ukifunga hasi iwe ya mwisho, maana ukianza na chanya spana ikagusa fremu utaona cheche. Tatu, na hili ndo linaloua betri za watu, kile kifaa cha USB kinakunywa umeme hata kama hakuna simu. Tuseme kinakunywa miliampea 20, kwa siku ni karibu nusu ampea saa (ndo kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri), betri ya ampea saa 8 ndani ya wiki moja na siku ushapoteza nusu yake na pikipiki imelala tu. Ndo maana nasema plagi, ukipaki chomoa. Wenye fundi mzuri wanaweka rilei, yaani switchi inayowashwa kwa umeme, ifuate ufunguo, ufunguo ukizimwa na USB inazima.

Na angalia ampea. Vile vya zamani vinatoa ampea 1, ramani ikiwaka na kioo kwenye mwanga wa juu utakuta imeandika inachaji na asilimia zinashuka. Tafuta cha ampea 2 kwenda juu na waya mfupi mnene, ule mwembamba mrefu umeme unaishia njiani.

mzee_wa_kona:
Fyuzi sikatai hesabu zako ila mtu kasema hataki nyaya, mbona mnamlazimisha. Pawabenki inamtosha, ila usidanganywe na namba ya nje. Ya miliampea saa 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili, chukulia mara moja na nusu, zingine zinapotea kwenye kubadilisha volti na joto. Simu yako masaa matatu, kwahiyo na hiyo unapata saba hivi, ukitaka kutwa bila presha chukua ya 20,000 na ukifika unaichaji usiku kucha. Ifunge na kitambaa ndani ya begi isigongane na funguo.

Waya chukua wenye kichwa cha kona, usichomoze nje, na uache kitanzi cha kutosha usukani ukigeuka. Na kabla hujanyanyua begi CHOMOA WAYA. Mimi nilisimama kujaza mafuta, kuna foleni nyuma wananipigia honi, nikanyakua begi kwa haraka, nikasikia tik. Kichwa cha waya kimebaki ndani ya simu, nimeshika mkia. Safari iliyobaki nimeenda kwa kuuliza watu.

Kingine kama simu yako ni iPhone, Apple wenyewe waliandika 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye mfumo wa kutuliza picha. Weka kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko, au tumia simu ya zamani yenye ramani ulizopakua kabla, hata laini haihitaji.

Mvua ikinyesha funika begi na koti lake, zipu nyingi zinavuja hata wakikuapia. Na ukiona simu inakataa chaji ujue maji yameingia kwenye tundu, usilazimishe.

pistoni_moja:
Aisee asanteni sana. Nimetoka nje na sumaku ya friji sasa hivi, imedondoka pande zote tatu, tangi langu kumbe ni plastiki na nimelisifia miaka miwili kwamba ni chuma kizito. Basi ni ringi na begi dogo, simu kwenye usukani, na pawabenki ya 20,000 kwanza. Waya wa mkuu Fyuzi nitauweka nikirudi.

dada_gia:
Safi. Na usukani umejaribu kugeuza?

pistoni_moja:
Nimejaribu kwa mto wa kulalia ili nipate picha ya ukubwa. Kushoto sawa. Kulia honi ikalia mfululizo, mto umenasa, natafuta pa kuutolea jirani ashafungua dirisha.

mzee_wa_kona:
Lita 5 hizo, wala usiendelee kupima.