Msaada: nina mistari 612 ya tumbili, msimamizi anasema sina data

Kijana_Nyalenda
Habari za jioni wadau. Niko mwaka wa nne, na mradi wangu ni tumbili wa Hifadhi ya Impala hapa Kisumu. Swali: wikendi wageni wakijaa, je, tumbili hunyang'anya chakula zaidi? Nimekaa pale siku 13, tisa za katikati ya wiki na nne za wikendi. Nikiona tukio naandika. Daftari lina mistari 612. Nikapiga kai-skwea, lile jaribio la takwimu la kulinganisha hesabu, na thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) ikatoka ndogo hadi nikajinunulia soda. Msimamizi akatazama dakika mbili, akasema, "612 ni mistari. Sampuli una ngapi?" Akaenda mkutanoni. Nimebakiwa na wiki tano. Nifanyeje? Tafadhali msinielekeze kwenye kitabu cha kurasa mia nne.

Mama_Chapo
Mimi nina data ya siku moja. Alinichomolea chapati mkononi, akapanda mti, akaila huku ananitazama. Endelea mwanangu, nafuatilia.

Kima_wa_Msituni
Pole ndugu. Nimefuata kima msitu wa Kakamega miezi saba nikiwa msaidizi wa utafiti, na hiyo "nikiona naandika" ndiyo inayotuangusha wengi. Jicho huvutwa na vurugu. Dume akiruka mezani utamwandika. Jike aliyejikalia kichakani akitafuna majani hayumo daftarini. Jeanne Altmann, aliyechunguza nyani Amboseli, alilichambua jambo hili mwaka 1974. Kama ungetaka kujua siku nzima ya tumbili inaendaje, ungemchagua mmoja, umfuate dakika kumi kamili na kuandika hata akijikuna, na akipotea majanini uandike "haonekani". Lakini kunyang'anya ni kitendo cha sekunde tatu. Kwa hilo, kaa mahali pamoja unapopaona pote, saa moja kamili, hesabu kila tukio. Hesabu na wageni waliopo. Saa ikipita bila tukio, andika sifuri. Daftari lako lina sifuri ngapi?

Kijana_Nyalenda
Hakuna hata moja. Siku tulivu nilikuwa narudi nyumbani mapema 🙈

MwalimuHesabu
Nilidhani hivyo. Sasa, swali lako linahusu siku, kwa hiyo kinachohesabiwa ni siku. Tumbili mmoja mwenye njaa akinyang'anya mara sita Jumamosi moja, hao si mashahidi sita, ni shahidi mmoja anayejirudia. Kai-skwea yako iliwahesabu sita. Kosa hili lilipewa jina na mwanaikolojia Hurlbert mwaka 1984, "pseudoreplication", yaani marudio ya uongo, na bado tunalifanya. Kwa hiyo una sampuli 13, nne tu za wikendi. Ipe kila siku namba moja: matukio kwa saa. Kisha changanya lebo za "wikendi" kati ya siku hizo. Kuchagua siku nne kati ya 13 kuna njia 715, kompyuta inazimaliza mara moja. Tazama ni ngapi zinazotoa pengo kubwa kama lako au zaidi; zikiwa chache sana, si rahisi pengo lako liwe la bahati tu. Ila kwanza niambie, ulikuwa unaenda saa ngapi?

Kijana_Nyalenda
Katikati ya wiki saa mbili asubuhi kabla ya darasa. Wikendi kuanzia saa sita mchana.

MwalimuHesabu
Basi hata hiyo hesabu ya 715 usihangaike nayo. Umelinganisha asubuhi na mchana, ukaita wikendi. Hakuna programu itakayotenganisha mambo hayo mawili sasa.

Kijana_Nyalenda
Duh. Kwa hiyo 612 zote nitupe?

Kima_wa_Msituni
Usitupe. Zisome upya uandike maana ya "kunyang'anya" kabla hujarudi uwanjani. Kutoka mkononi? Mezani mwenye chakula akiwa amekaa? Na pipani je? Mpe mwenzako maana hiyo, mhesabu pamoja saa moja bila kuchunguliana, muone kama mnapatana. Na kwenye ripoti usiseme "tumbili hufanya hivi". Una kundi moja, la mjini, lililozoea chapati za watu.

Mama_Chapo
Chapati yangu ilikuwa mkononi. Iandikwe.

Kijana_Nyalenda
Nimewaelewa. Wiki tano zina siku kumi za wikendi, nitachukua kumi nyingine za katikati, na saa nitazipigia kura kwa vifuniko vya soda. Darasa la asubuhi nitajua la kufanya. Jana usiku nimepitia daftari na maana mpya: mkononi au mezani tu. Yale ya kuokota maganda ya ndizi pipani nimeyatoa, na yameondoka na mistari 203.