Ukoo wa Mzee Hamisi: suala la Zuhura

Jumamosi

19:12 – Shangazi Rehema: Assalaam alaykum ukoo. Zuhura kakubaliwa kuhamia kile chuo kikubwa huko huko Marekani. Malipo ya kushikia nafasi mwisho ni tarehe 1 Juni. Ada yake ni mara mbili ya anayolipa sasa. Nataka jibu la kila mtu leo, anahama au habaki? Na nani anachangia nini?

19:13 – Shangazi Rehema: Namaanisha anahama au ANABAKI.

19:40 – Kassim: Hongera Zuhura!! 🎉 Mimi naomba fulana ya chuo, yenye jina kubwa kifuani

19:41 – Mjomba Faraji: Na mimi. Saizi ya tumbo, siyo ya kifua

19:44 – Shangazi Rehema: Fulana baadaye jamani. Mwanaisha, wewe kazi hizi ndizo zako. Sema.

20:26 – Dada Mwanaisha: Shikamoo Shangazi. Zuhura, hongera mdogo wangu. Ile barua inayosema krediti (pointi za masomo uliyomaliza) 57 kati ya 60 zimekubaliwa, nani kaiandika? Msajili au idara ya uhandisi mitambo?

20:31 – Zuhura: Shikamooni wote. Ni msajili, dada.

20:38 – Dada Mwanaisha: Basi bado hatuna jibu. Msajili anapokea krediti zinaingia kwenye rekodi. Idara ndiyo inayoamua ipi inafuta somo gani la lazima. Zinazobaki zinakuwa masomo ya kuchagua tu, na uhandisi una nafasi chache za kuchagua. Digrii yenu ni krediti 124 vyuo vyote viwili. Tuseme idara inahesabu 41 tu. Zinabaki 83. Kwa 16 kila muhula hiyo ni mihula mitano na masalio, yaani sita. Alipo sasa amebakiza minne. Hiyo miwili ya ziada, kwa ada mara mbili, ndiyo gharama iliyojificha ya kuhama, na kwenye barua ya kukubaliwa haiandikwi.

20:40 – Shangazi Rehema: Mmesoma? MIWILI ya ziada.

20:52 – Dada Mwanaisha: Jambo la pili ni mpangilio wa masomo. Thermodinamiki, somo la joto na nishati, ndiyo mlango wa masomo ya uhamishaji wa joto. Kama kule inafundishwa muhula wa vuli peke yake na hawakuitambua aliyosoma, anasubiri mwaka hata kama krediti zimetosha. Kwa hiyo Zuhura, peleka idarani silabasi nzima ya kila somo: mada za kila wiki, kitabu, na saa za maabara. Ile aya moja ya kwenye katalogi, orodha ya masomo ya chuo, haitoshi. Fizikia hukataliwa sana kwa sababu saa za maabara hazionekani popote.

21:15 – Kassim: Mimi thermodinamiki naijua, ni chai kupoa

21:16 – Mjomba Faraji: 😂😂😂

21:17 – Mama mdogo Saida: 😂 Kassim hakui

21:20 – Shangazi Rehema: Saida upo kumbe! Unachangia?

Jumapili

06:50 – Kaka Idi: Amkeni salama. Swali moja: programu yake ya sasa ina ithibati ya ABET, kile chombo cha Marekani cha ubora wa mafunzo ya uhandisi? ABET inathibitisha programu, siyo chuo kizima. Kama zote mbili zinayo, mlango wa leseni ya uhandisi ni uleule. Na kuna utafiti wa Dale na Krueger, 2002: wanafunzi wenye uwezo unaolingana, waliokubaliwa vyuo vinavyolingana, kipato chao baadaye hakikutofautiana sana hata waliochagua chuo kisichobana sana udahili. Isipokuwa waliotoka familia za kipato kidogo. Hao jina la chuo liliwasaidia.

07:02 – Mjomba Faraji: Familia za kipato kidogo si ndiyo sisi. Ahame!

07:30 – Zuhura: Zote zina ABET, kaka.

09:14 – Baba mdogo Salum: Nimesoma yote. Ilipokuwa zamu ya Idi kusoma mliambiana ukoo hauna uwezo. Hati ya kiwanja haikuguswa. Leo ada mara mbili, na watu wanaomba fulana.

09:20 – Shangazi Rehema: Salum, lile tulilimaliza pale pale kwa Babu.

09:21 – Baba mdogo Salum: Mlilimaliza ninyi.

09:58 – Kaka Idi: Baba mdogo, mimi sina kinyongo. Tumsaidie Zuhura.

11:35 – Dada Mwanaisha: Naendelea na ya viza, maana hapa watu huumia. Zuhura, usimwombe ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo cha sasa aachie kwa chuo kipya rekodi yako ya SEVIS, ule mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kabla idara haijajibu. Kabla ya tarehe ya kuachia unaweza kughairi. Ikishapita, chuo cha sasa hakiigusi tena, na kazi yako ya maktaba inakoma siku hiyo hiyo. Chuo kipya kitatoa I-20 mpya, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, na kwa hiyo watataka uthibitisho wa fedha za mwaka wa kwanza. Ukifika, jiandikishe kwa ofisa wao ndani ya siku 15 tangu programu kuanza. Ada ya SEVIS hulipi tena. Viza yenye jina la chuo cha zamani bado ni halali mpaka muda wake uishe.

11:41 – Dada Mwanaisha: Na ufadhili: uliza kama ni wa mwaka mmoja au mpaka kuhitimu, na kama unapanda ada ikipanda. Uliza na hosteli. Wanaohamia mara nyingi hawahakikishiwi chumba.

11:43 – Shangazi Rehema: Naweka orodha ya mchango:
1. Rehema ✅
2.
3.

16:05 – Babu (anaandika Saida): Nimesomewa yote. Mtoto asitoke alipo mpaka barua ya idara iseme atamaliza lini. Jina la chuo halilipi muhula. Fedha ikihitajika itapatikana, hata kiwanja. Salum anipigie.

16:06 – Mjomba Faraji: Sawa Baba.

16:06 – Kassim: Sawa Babu 🙏

16:09 – Kaka Idi: Tumesikia Babu.

19:30 – Zuhura: Marahaba kwa wote… samahani, nilitaka kusema ahsanteni. Idara wanasema watajibu baada ya tarehe 3.

19:32 – Shangazi Rehema: Na kushikia nafasi ni tarehe 1! Yale malipo hayarudishwi.

19:47 – Dada Mwanaisha: Waandikie udahili leo, omba kusogezewa wiki moja kwa sababu tathmini ya krediti haijatoka. Ombi hilo ni la kawaida kabisa. Ambatanisha barua pepe ya idara.

21:10 – Zuhura: Nimetuma.

Jumatatu

08:02 – Shangazi Rehema: Wamejibu? Na namba 2 na 3 bado wazi.

13:44 – Mama Zuhura: Nilikuwa zamu. Ndiyo nasoma sasa.

22:18 – Baba mdogo Salum: Babu nimempigia. Kwenye mchango msiniandike bado.