Landrova Series III kwenye gesi: inapiga risasi, regyuleta inaganda

ChumaMzee
Wakuu, habari. Gari ni Landrova Series III 109, injini ya petroli ya 2.25 (sisi 2286), silinda hedi ya kompresheni 8:1. Kabureta ya Zenith imetolewa kabisa, sasa ni gesi tupu (LPG): mikisa Impco 125 (inachanganya gesi na hewa), regyuleta Impco Model E (inageuza gesi kuwa mvuke na kushusha presha), tangi la lita 80. Shida ni tatu. Ukikanyaga mafuta ghafla inapiga risasi (moto unarudi nyuma na kulipuka) kupitia mikisa mpaka hozi ya eafilta inachomoka. Baada ya dakika kumi barabarani regyuleta inashika barafu na injini inakata. Halafu geji ya mchanganyiko nimeiweka 15.7 (kilo za hewa kwa kilo moja ya gesi), kipimo cha propeni, lakini mlimani haina nguvu kabisa. Taimingi (wakati wa cheche kuruka) ni ile ile ya petroli. Nianzie wapi?

Spana17
Anza na barafu, maana regyuleta ikiganda vipimo vingine vyote vitakudanganya. Gesi inaingia pale ikiwa kimiminika, inageuka mvuke, na kugeuka huko kunakula joto. Injini hiyo ikitembea 80 kwa saa inakunywa takriban kilo 10 za gesi kila saa, na kuzifanya mvuke kunataka karibu kilowati 1 ya joto bila kukatika. Joto hilo linatoka kwenye maji ya injini tu.

Thermostati ipo? Nyingi za huku zilishang'olewa "isichemshe". Rudisha ya nyuzi 82. Halafu fuatilia hozi: maji ya regyuleta yachukuliwe kabla ya koki ya hita. Ukiyachukua baada yake, siku koki ikifungwa regyuleta haipati kitu. Na iwe chini ya usawa wa maji ya rejeta, la sivyo hewa inajikusanya ndani. Kupima ni rahisi: injini ikishapata moto, shika hozi zote mbili kwa mkono. Moja ikiunguza na nyingine ikawa baridi, maji hayazunguki.

Ukiwa hapo, angalia imefungwaje. Diaframu isimame wima, uso wake uelekee ubavuni mwa gari, ili breki na mashimo visiwe vinaichezea.

LambdaMoja
Hiyo 15.7 ndiyo inayokumaliza nguvu. Sensa haijui unachoma nini. Inapima lambda (hewa iliyopo ukilinganisha na inayohitajika; 1.00 ni sawasawa), kisha geji inazidisha kwa 14.7 kwa kudhani ni petroli. Gesi ikiungua sawasawa geji yako itaonyesha 14.7, si 15.7. Ukilazimisha 15.7 uko lambda 1.07, yaani mchanganyiko mwembamba, na huo ni nusu ya sababu ya risasi pia. Badili geji isome lambda uachane na hesabu.

Mpangilio: injini iwe moto, eafilta safi (ikiziba, mchanganyiko unanenepa). Weka valvu ya nguvu ya mikisa katikati ya R (nene) na L (nyembamba). Rekebisha skrubu ya sailensi (injini ikinguruma bila kukanyaga) hadi lambda 1.00, kisha rudisha mzunguko kwa skrubu ya throto. Sasa panda mlima gia ya tatu, mguu chini, mtu mwingine asome geji: tafuta 0.95 hivi kwa valvu ya nguvu. Rudi sailensi, kwa sababu moja inavuta nyingine. Kama mguu chini inabaki nyembamba hata ukiwa mwisho wa R, acha mikisa, tafuta filta ya gesi iliyoziba au hozi ya mvuke iliyojikunja. Model E kwa mikisa hii inataka springi ya bluu; ukikuta ya chungwa, mtu alishaifungua.

Plagi_Kavu
Nusu nyingine ya risasi iko kwenye moto. Gesi kavu inataka volti nyingi zaidi kuruka plagi, na cheche ikishindwa pale inatafuta njia nyingine. Punguza mwanya wa plagi hadi milimita 0.6, waya mpya, kifuniko cha distribyuta kisicho na ufa.

Sasa angalia mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2. Silinda ya 3 na ya 4 ni jirani na zinafuatana. Waya zake zikilala pamoja, cheche ya 3 inarukia ya 4 wakati valvu yake ya kuingiza haijafunga vizuri, na moto unarudi kwenye manifoldi iliyojaa gesi. Tenganisha hizo mbili kwa sentimita 3 angalau, na 1 na 2 vilevile.

Taimingi: anzia nyuzi 8 hadi 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa) kwenye sailensi, lakini jumla isizidi 30 kwenye mwendo mkubwa. Ukizungusha distribyuta tu bila kuzuia safari ya vyuma vyake vinavyowahisha cheche mwendo ukiongezeka, utapata sailensi tamu na injini inayochemka barabarani.

Spana17
Nyongeza ya valvu. Mwanya ni milimita 0.25 kwa zote; pima kila kilomita 5,000. Mwanya wa valvu ya kutoa moshi ukizidi kupungua, valvu inazama kwenye siti (kikalio chake): fungua hedi, weka siti ngumu. Hapo ndipo pa kupandisha kompresheni pia. Toka 8:1 kwenda 9:1 unaondoa sisi 10 kwa kila chemba. Pima kwa sirinji na mafuta mepesi kabla ya kupeleka mashine, usikisie milimita. Zaidi ya 9 nisingeenda, gesi tunayouziwa ina buteni ndani.

Kuvuja pima kwa povu la sabuni, na usifanyie kazi juu ya shimo la gereji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inajaa shimoni.

ChumaMzee
Thermostati haipo kweli. Waya za 3 na 4 zimefungwa pamoja kwa kamba, nzuri kabisa kwa macho. Swali la mwisho: gesi ikiisha njiani, mtungi wa jikoni wa kilo 13 unaweza kunisogeza?

Plagi_Kavu
Hapana. Mtungi huo unatoa mvuke juu. Kwa kilo 10 kwa saa utaganda wenyewe na presha itaanguka. Ukiugeuza kichwa chini utatoa kimiminika, lakini hauna valvu ya kukata bomba likipasuka. Jaza tangi lako hadi asilimia 80: lita 64, kama kilomita 260.