Thiosalfeti au salfaiti: ninunue ipi kwa maabara ya shule?

Mwl_Kidato3: Habari za leo, wanajukwaa. Fedha za muhula zinatosha chumvi moja tu: thiosalfeti ya sodiamu au salfaiti ya sodiamu. Nataka wanafunzi waone asidi isiyodumu yenye salfa, inayozaliwa chumvi hiyo ikikutana na asidi nyingine, ikivunjika mbele ya macho yao. Ipi inafaa?

Mizani: Mwalimu, hujasema wanafunzi ni wangapi wala chumba kinapitishaje hewa. Chumvi zote mbili zikikutana na asidi hutoa dioksidi ya salfa, na harufu ile inayokaba koo haina utani na mwenye pumu.

Chupa_ya_Koni: Thiosalfeti. Weka bika juu ya karatasi yenye alama ya X, mimina asidi haidrokloriki, na baada ya muda kimiminika kinageuka kama maji ya mchele hadi alama ipotee, kwa kuwa salfa imejitenga. Salfaiti itakupa harufu tu.

Mtunza_Stoo: Ni kweli, ila soma lebo. Mwaka jana niliagiza thiosalfeti, duka likaniletea isiyo na maji ya fuwele (maji yaliyofungwa ndani ya chembe za chumvi), nami kwa haraka ya mtihani wa majaribio nikapima gramu 40 kwa lita, kipimo cha ile yenye molekuli 5 za maji. Mole moja (kipimo cha kemia cha idadi ya chembe) ya yenye maji ya fuwele ni gramu 248, ya ile kavu 158. Myeyusho ukawa mkali mara moja na nusu hivi, alama ikapotea mapema kila meza, na zoezi zima tukalirudia Jumamosi.

Mizani: Tena asidi yenyewe hawataiona. Asidi ya thiosalfuriki, ile ya thiosalfeti, haidumu majini. Mwanakemia Max Schmidt aliipata bila maji mwaka 1957, kwa salfidi ya haidrojeni na trioksidi ya salfa ndani ya etha, kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, na ikipata joto inarudi kuwa salfidi ya haidrojeni na trioksidi ya salfa, si salfa ya kwenye bika.

Chupa_ya_Koni: Ndugu, kwa hoja hiyo hata salfaiti haina asidi ya kuonyesha: majini kuna dioksidi ya salfa iliyoyeyuka na ioni zake tu.

Mwl_Kidato3: Wanafunzi ni 62, madirisha matatu, moja halifunguki. Na thiosalfeti niliyotajiwa bei, nimeangalia sasa hivi, ni ile kavu.