Mzee wangu alikuwa anakesha Wigan Casino miaka ya 70, nisaidieni na hizi nyimbo za northern soul

Section58

Wasee habari zenu. Iko hivi, mzee wangu alienda Uingereza miaka ya 70 kusomea ualimu wa ufundi pale Bolton, akarudi akafundisha mpaka akastaafu, na saa hii yuko hapa Nakuru anakula pensheni yake polepole. Tangu tukiwa watoto ana begi fulani kuukuu limeshonewa beji za kitambaa kila upande, na katikati iko moja kubwa ya ngumi imekunjwa, na hatukuwa tunaruhusiwa kuligusa. Mimi nilidhani ni mambo ya siasa, Black Power na hivo. Juzi ndo akafungua roho akaniambia hilo begi lilikuwa la kubeba fulana za kubadilisha na kopo la poda, Jumamosi usiku anatoka Bolton anaenda mji unaitwa Wigan, ukumbi wa Wigan Casino, kudensi mpaka asubuhi, hakuna pombe, ni densi tu. Aki mimi huyo mtu simjui! Mzee ninayemjua ni wa kwaya na gazeti.

Sasa mwezi ujao tunamfanyia sherehe ya familia, ndugu zangu wanataka bendi ya kawaida, mimi nataka tumpigie nyimbo zake. Shida ni kwamba sijui hata moja. Anataja majina sijawahi kuyaskia, nikimwambia aimbe kidogo anacheka tu anaangalia dirishani. Kuna mtu humu anaijua hii northern soul? Na kwa nini iitwe ya kaskazini na waimbaji ni weusi wa Marekani?

Nyanza_45

Omera umenifurahisha sana na hii swali. Mimi ni mtu wa santuri hapa Kisumu, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, benga zaidi, lakini ukikaa na watu wa santuri lazima siku moja ufike northern soul juu sijaona watu wanapenda santuri ndogo kuwashinda hao.

Kaskazini hapo ni ya Uingereza. Kulikuwa na jamaa anaitwa Dave Godin, alikuwa na duka la santuri London, Soul City, na pia alikuwa anaandika kwa gazeti la Blues & Soul. Mashabiki wa mpira kutoka kaskazini wakija London kwa mechi wanapitia dukani kwake, na akaona hawa watu hawana haja na ile funk mpya imeingia, wanataka soul ya mbio ya katikati ya miaka ya 60, ngoma inagonga bila kupumzika, vaiolini, tarumbeta, mtu analia mapenzi yamemshinda na wewe mguu unakataa kutulia. Akawaambia wauzaji wake hao wakiingia msipoteze wakati, wapigieni soul ya kaskazini. 1970 akaandika hilo jina gazetini likashika.

Sasa skia mahali utamu uko. Motown, ile kampuni ya santuri za soul, ilipolipuka pale Detroit kila mtu mwenye kastudio kadogo, Detroit, Chicago, Philadelphia, alitaka wimbo wa kufanana na hizo, na nyingi zilianguka. Nakala zilikuwa chache, redio hazikupiga, zikaishia kwa magodauni. Ni vijana wa Lancashire huko kaskazini na sehemu hizo, watoto wa viwanda vya pamba na machimbo ya makaa, ndo walizitafuta moja moja. Kuna madijei walivuka mpaka Marekani kuchakura, na mtu akipata wimbo ambao hakuna mwingine anao anabandika karatasi juu ya lebo na kumpa mwimbaji jina la uongo, ili wenzake wasijue watafute nini. Gloria Jones alirekodi Tainted Love mwaka 1964, ikatoka ikiwa upande wa pili wa santuri, haikuenda popote. 1973 dijei Richard Searling akaipata Marekani akarudi nayo ikawa wimbo wa makesha, halafu 1981 bendi ya Soft Cell wakaiimba upya ikafika namba moja Uingereza. Na Frank Wilson, Do I Love You ya 1965, nakala za wakati ule zinazojulikana ni za kuhesabu kwa vidole, moja iliuzwa 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Kasanturi kadogo kamoja!

Kuhusu ngumi hukuwa mbali, waliitoa kwa Black Power kweli, wakaizungushia maneno Keep the Faith. Ni alama ya watu wa soul, akiivaa mtu mwingine kwa basi unajua anaenda wapi.

Na usione ajabu mtu wa Kenya kuwa hapo. Benga yetu hii, Oluoch Kanindo alikuwa anaitoa kwa lebo zake, moja ilikuwa inaitwa Sungura, santuri zikafika Zimbabwe, watu hawaskii neno hata moja la Kijaluo lakini walizidensi mpaka wakatengeneza muziki wao na kuuita sungura hadi leo. Wimbo ukishatoka nyumbani haujui utapendwa wapi. Hiyo ndo kitu inanishika kwa northern soul kuliko bei na nini, watu walichukua nyimbo zilizotupwa na wenyewe wakazipatia maisha kwa miguu yao.

Mama_Lurambi

Mwanangu nimesoma hii machozi yakanilengalenga. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa unesi Lancashire miaka hiyo hiyo, saa hii niko Kakamega na wajukuu. Casino nilienda, tena sana. Mara ya kwanza nilipelekwa na msichana tuliyekuwa naye wodi moja, mzungu, babake mchimba makaa, aliniambia tu vaa viatu vya bapa na uje na taulo.

Makesha yalianza Septemba 1973 kwa jumba la zamani la densi pale Station Road. Yanaanza usiku wa manane watu wa kawaida wakiwa wamelala. Mlangoni ni kusukumana, ukiingia joto linakupiga usoni kabla hujaona kitu. Mvuke wa watu unapanda mpaka dari unageuka maji, unadondoka tena shingoni mwako, kuta zinalia. Sakafu ni ya mbao, wameimwagia poda ili viatu viteleze, na hakuna mtu ameshika mtu. Hiyo ndo ilinishangaza mwanzo, sisi nyumbani twist za kina Daudi Kabaka mnaangaliana uso kwa uso. Hapo kila mmoja yuko na wimbo wake. Kijana anazunguka, anazunguka, anajirusha nyuma mpaka mkono unagusa sakafu, na biti ikirudi yeye ameshasimama. Wavulana suruali pana kuliko bugaluu zetu na vesti, wasichana sketi ndefu za kuzunguka. Na kuna mahali kwenye wimbo ukumbi wote unapiga kofi, moja tu, kwa pamoja, halafu miguu inaendelea. Mpaka leo nikiskia huo wimbo jikoni mkono wangu unaenda wenyewe.

Juu kwa balkoni ndo soko, watu wameinama kwa masanduku ya santuri, wananunua, wanabadilishana, wanaulizana bei kwa sauti ya chini.

Weusi tulikuwa wachache mno. Nje huko nilikuwa naitwa majina, ukikaa kwa basi mtu anahama kiti. Ndani ya Casino sikuwahi kuitwa jina. Waliniuliza tu kama najua anayeimba ni nani, na nilikuwa simjui, wao ndo wakanifundisha, watoto wa viwandani wananieleza habari za waimbaji weusi ambao kwao Marekani hakuna aliyewakumbuka. Nilijiona mtu tena. Pengine na babako alipata hiyo, muulize pole pole ukipata nafasi.

Sitakuficha kwamba vidonge vya kukaa macho vilikuwa vingi, na mimi nilivijua kwa upande wa wodini, niliona vijana wakiletwa asubuhi moyo unapiga vibaya. Ndo maana polisi hawakuwaacha, klabu ya Twisted Wheel ya Manchester ilifungwa 1971, nyingine ya Torch kule Stoke 1973. Lakini wengi walikuja kudensi tu, wametoka zamu ya wiki nzima kiwandani.

Asubuhi ikikaribia dijei anapiga tatu za kufunga, ni hizo hizo kila kesha, Tobi Legend wa Time Will Pass You By, Jimmy Radcliffe wa Long After Tonight Is All Over, na Dean Parrish wa I'm On My Way, na saa mbili imefika. Casino ilifungwa Desemba 1981, na usiku huo wimbo wa mwisho kabisa kupigwa ulikuwa Do I Love You ya Frank Wilson. Jengo likaungua na kubomolewa. Mimi nilikuwa nimesharudi Kenya, niliandikiwa barua.

Mwanangu mpigie hizo tatu, kwa huo mpangilio. Asipoinuka basi hakuwa Wigan.

DJ_FreeArea

Shikamoo mama, hiyo story nimeisoma mara mbili. Section58 tuko mji mmoja, mimi hupiga harusi na birthday huku Nakuru na nikiwa mdogo nilianzia kwa disko matanga kule kwa wazazi Vihiga kabla chifu hajatufukuza, kwa hivyo kukesha nakujua. Nimeskiza hizo nyimbo leo mchana kutwa. Manze ni moto! Lakini ni fupi, dakika mbili na nusu imeisha. Nikipewa hiyo kazi nitaziunganisha kwa biti moja isikatike, niongeze bezi kidogo watu wa siku hizi waskie kifuani, na nitafanya kwa bei ya chini kwa sababu ya mzee.

Nyanza_45

Hapo kwa kuunganisha nakataa kabisa ndugu yangu, kwa heshima. Hizi nyimbo watu wanazijua kwa ile sekunde ya kwanza, kile kigongo cha ngoma au tarumbeta ya kufungua, hapo ndo mtu anaacha soda yake anakimbia uwanjani. Ukiifunika na mwisho wa nyingine umemnyima hiyo mbio. Madijei wa Wigan walikuwa wanaongea kwa maiki, wanataja wimbo, wanauachia mpaka mwisho, kisha mwingine. Bezi pia acha, nyingi zilirekodiwa mono, yaani sauti ya njia moja, za kupigwa kwa redio ndogo, raha yao iko kwa sauti ya kati, pale mtu anaimba na vaiolini. Fungua na Edwin Starr, Agent Double-O-Soul au Twenty Five Miles, hata wageni wengine watamjua kwa sababu ya wimbo wake War. Edwin mwishowe alihamia Uingereza akaishi huko na akafia huko 2003, walimpenda kuliko kwao. Halafu Gloria Jones, Frank Wilson katikati watu wakiwa wamechemka, na tatu za mama za kufunga.

DJ_FreeArea

Nimekubali, nazipiga nzima nzima. Na maiki nitashika.

Section58

Jamani sijui nianze wapi kushukuru. Jana jioni nilijaribu, mzee alikuwa kwa kochi na gazeti lake, nikaweka ile ya Frank Wilson kwa simu bila kusema kitu. Hakuinua macho. Lakini gazeti lilianza kutingishika, nikaangalia chini nikaona kisigino, kinatoka kando kinarudi, kinatoka kinarudi, haraka na kwa ustadi, soksi tu juu ya kapeti. Na ilipofika mahali fulani akapiga kofi moja, mama, vile tu ulisema! Kisha akaniuliza ni nani amenipa huo wimbo. Nikamsomea maneno yako yote hapa. Alinyamaza kwa ile sehemu ya basi, akasema "mwambie huyo mama hata mimi", akataka kujua ulikuwa unasimama upande gani wa ukumbi.

Ndugu zangu bado wanavutana kuhusu bendi, na tumepata ukumbi ila sakafu ni tiles. Poda itafanya kazi hapo?

Mama_Lurambi

Mwambie upande wa kushoto wa jukwaa, karibu na nguzo, kwa sababu hapo kulikuwa na hewa kidogo.

Poda kwa tiles hapana, nyonga zilizovunjika nimezihudumia miaka mingi, sitaki ya babako. Tafuteni ukumbi wa shule au wa kanisa wenye sakafu ya mbao, hata kama ni mdogo, na poda iwe kidogo sana, akiiomba mwenyewe. Na hao ndugu zako waambie bendi ipige mchana watu wakila, kuanzia magharibi iwe ya mzee.