Ushauri wakuu: chombo gani cha kupikia kahawa ninunue hapa Ujerumani? Jiko ni indaksheni, bajeti euro 80

Mtanga_Leipzig
Wakuu salama? Mimi na mke wangu tuko Leipzig, nyumba ya kupanga, na jiko tulilolikuta ni la indaksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Mimi nimekulia kwenye kahawa chungu ya barazani, tangawizi na iliki ndani, kikombe kidogo. Mke wangu ni mtu wa Songea na mahitaji yake ni tofauti kabisa: anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, kila jioni anajaza kahawa kwenye chupa ya chai ya lita moja na kuondoka nayo. Shemeji anatutumia kahawa ya Mbinga, imekaangwa ila haijasagwa. Mpaka sasa tunaitwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu, na jirani wa chini ameanza kutugongea dari kwa fagio.

Nimeziona mashine za jagi, za kapsuli (vile vikopo vidogo vyenye kahawa tayari), na moka, kale kabirika ka Kitaliano. Zote zipo za kuingia kwenye euro 80. Nataka pia kitu ambacho tukirudi nyumbani kitaendelea kutumika. Nianze na kipi?

kijana_wa_bonde
Kapsuli mkuu. Unabonyeza, unakunywa, unalala. Ushauri umeisha.

Mama Mbinga
Kijana, soma bandiko kwanza. Mwenzako anatumiwa kahawa ya bure kutoka Mbinga, wewe unamwambia akanunue vikopo! Kapsuli moja ina kahawa kama gramu 5. Ukiinunua kwa senti 40, kilo inakutoka euro 80, yaani bajeti yake yote. Halafu ile lita ya shemeji yangu ataijaza kwa kapsuli ngapi?

Mleta uzi, pesa yako ipeleke kwenye kusaga. Hilo ndilo la kwanza, chombo cha kupikia kinafuata. Tafuta kinu cha mkono chenye meno mawili yanayosuguana, kile unachoweza kurekebisha kiwe laini au cha chengachenga. Euro 40 mpaka 60 unapata cha kudumu. Usidanganyike na vile vya umeme vya visu vinavyozunguka kama blenda. Vile vinakatakata hovyo: nusu inakuwa vumbi, nusu mapande. Vumbi linatoa uchungu mbaya, mapande yanabaki hayajaiva, na ukionja kikombe unapata uchungu na ukali wa uchachu kwa pamoja. Hapo watu wanalaumu kahawa wakati kosa ni la kinu.

Na usisage ya wiki nzima. Saga ya leo, iliyobaki iache nzima kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kabatini. Frijini inavuta harufu za vyakula.

fundi_umeme_DSM
Kuhusu indaksheni: moka nyingi ni za alumini, na alumini kwenye jiko hilo haipati moto. Ukienda dukani beba sumaku ya frijini, ibandike kwenye kitako. Ikishika, chukua. Isiposhika, rudisha rafuni hata kama bei inavutia. Pia angalia upana wa kitako, maana vile vya kikombe kimoja au viwili mara nyingi jiko halivitambui hata vikiwa vya chuma.

Umeme usikupe hofu. Ujerumani ni volti 230 kama Tanzania, utabadilisha plagi tu. Wenye shida ni ndugu zetu wa Marekani, kule ni 120. Ukileta mashine yao Tanga ukaichomeka bila transfoma, umeiunguza siku hiyohiyo.

Muuguzi_Hamburg
Mimi nipo kwenye kazi hiyohiyo ya mkeo, kwa hiyo nazungumzia ile chupa. Wala hamhitaji mashine. Nunua koni ya plastiki ya kuchujia, ni euro chache tu, na karatasi zake zipo kila supamaketi. Unaikalisha koni juu ya mdomo wa chupa ya chai, karatasi ndani, kahawa iliyosagwa wastani, gramu 60 kwa lita moja. Akitaka kali, 70. Maji yakichemka yaache nusu dakika. Mwaga kidogo kwanza kahawa ilowe na kuumuka, kisha endelea taratibu kwa kuzungusha. Kahawa inaingia chupani moja kwa moja. Mashine ya jagi inafanya kazi hiyohiyo, lakini zile zenye kisahani cha moto chini ya jagi zinaendelea kuipika kahawa, na baada ya saa moja inanuka kuungua.

Tena mko jirani na kwao: karatasi ya kuchujia kahawa aliibuni mama mmoja wa Dresden, Melitta Bentz, mwaka 1908.

Jambo la afya kidogo. Kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa ina mafuta yanayopandisha kolesteroli, na karatasi inayazuia kwa sehemu kubwa. Kikombe kidogo cha barazani si tatizo. Lita nzima kila usiku, bora ipite kwenye karatasi.

Mzee wa Maskati
Mwanangu, hiyo kahawa chungu unayoitaka moka haitakupa. Moka inatoa kahawa nzito, nzuri, lakini si ya dele, lile birika la kahawa ya barazani. Na usije ukatia unga wa tangawizi ndani ya kichujio chake, unaziba njia ya maji yanayopanda. Huku Omani tunapika ya rangi nyepesi, iliki nyingi, ndiyo kahawa ya wageni na tende. Ya kwenu Tanga ni nyeusi, ya kukaangwa sana. Zote mbili lakini zinataka kuchemka na kutulia.

Nenda duka la Waturuki, hapo Leipzig hawakosekani. Wana vibirika vyao vya mkono mrefu. Chukua cha chuma, cha shaba jiko lako litakikataa. Saga kahawa laini sana. Tangawizi uiponde mbichi, uichemshe na maji kwanza, ndipo utie kahawa. Ikipanda, itoe, irudishe, itoe tena. Iliki tia mwishoni. Iache machicha yashuke kabla ya kumimina. Iliki ya maduka hayo ni nafuu kuliko ya vichupa vya supamaketi.

pwani_si_kenya
Mzee ameongea 🙏. Na kashata je, anatuma nani?

Chokaa_Hunter
Bado maji. Nimekaa Würzburg, maji ya pale ni magumu hasa, birika la umeme linafanya ukoko mweupe upesi sana. Huko kwenu sijui, tazama ndani ya birika utapata jibu. Ukiona ukoko, nunua asidi ya limau ya unga, weka kijiko kwenye maji, acha ikae, suuza vizuri mara mbili. Maji yenye chokaa nyingi pia yanaipoozesha ladha, kahawa ya mlimani kama Mbinga inapoteza ule uchachu wake mtamu. Jagi la chujio linasaidia.

Mtanga_Leipzig
Wakuu nimewaelewa, asanteni sana. Kwa hiyo kinu cha mkono, koni ya mke wangu, na kibirika cha Waturuki changu. Moka nimeiacha. Sumaku imeshatoka frijini, ipo mfukoni. Swali dogo: koni zina namba, kuna 2 na 4. Ya chupa ya lita ni ipi?

Muuguzi_Hamburg
Namba 4, na karatasi zake ziwe 4 pia. Ila pima mdomo wa chupa kabla ya kwenda, zile za mdomo mpana koni inazama ndani. Na mwambie mkeo aisuuze chupa kwa maji ya moto kwanza, kama ilikuwa na chai ya viungo jana yake.